Salamu za Aron Hazihesabiwi Dakika

Ukitaka kusalimiana na Aron arap Mosonik wa Kimulot, kwanza weka mzigo chini. Kama umebeba kikapu cha majani chai, kiweke. Kama una mtungi wa maziwa, utue. Na kama una haraka, ungezunguka huko nyuma ya kanisa, na watu wengi walizunguka, hasa walimu waliochelewa kazini.

Maana Aron hakusalimu kama hawa wanaokutupia neno moja huku miguu inaendelea kutembea. Yeye alisalimu kama mtu anayejenga nyumba. Alianza na wewe mwenyewe, mwili wako na usingizi wako. Akaingia kwa mama watoto. Watoto akawataja mmoja mmoja, na yule aliyefeli mtihani akamtaja kwa sauti ya chini, kwa heshima. Halafu ng'ombe, na hapo ndipo alikuwa bingwa, kwa sababu alijua ng'ombe wa mlima mzima kwa rangi na kwa tabia. "Na yule wa doa jeupe usoni, aliacha ile mchezo ya kupiga ndoo teke?" Baada ya ng'ombe, mvua. Baada ya mvua, wazee ambao hawatoki tena nje. Hao aliwaweka mwisho, kama vile mtu anaficha kipande kizuri cha nyama kando ya sahani. Ukimjibu "wako salama" haraka haraka, alirudia swali. Hakuuliza ili ajibiwe. Aliuliza ili ajue.

Shule aliacha darasa la nne, kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe, mwalimu alikuwa amebakiwa na kidogo sana cha kumfundisha. Lakini alikuwa na miti ya chai elfu tatu iliyonyooka kama askari, ng'ombe wawili wa gredi, kofia moja ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na uenyekiti wa kituo cha kununulia majani, kipindi cha tatu bila mpinzani. Alisema hana mpinzani kwa sababu ya hekima. Mke wake Jerusa alisema ni kwa sababu hakuna mwingine angekubali kazi isiyo na mshahara.

Wakati mmoja kiwanda kilileta dereva mpya wa lori. Kijana akafika kituoni, akapiga honi, akatoa kichwa dirishani: "Pakieni, pakieni, sina siku nzima!" Aron akaketi juu ya gunia lake. Watu wengine walipoona mwenyekiti ameketi, wakaketi. Watu sitini juu ya magunia, kimya, na lori linanguruma peke yake. Mwishowe dereva akashuka, akanyoosha mkono, na Aron akaanza. Kufika kwa nyanya ya dereva, kijana machozi yalikuwa yanamlenga, kwa sababu mwaka mzima hakuna mtu alikuwa amemuuliza habari ya nyanya yake. Tangu siku hiyo lori la Kimulot halikupiga honi tena.

Huyo ndiye Aron. Sasa sikieni habari ya simu.

Simu ya kwanza pale senta ililetwa na Kiptum, binamu yake Aron, watu wa ukoo mmoja. Ilikaa kwa kaunta ya duka, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga, na miaka minne mtu yeyote aliyetaka kusema na Nairobi, Nakuru ama Mombasa alipita mbele ya kaunta ile. Hakuna aliyejivunia simu hiyo kama Aron. Wageni wakija kutoka Bomet aliwapeleka kuiona. "Hii ni ya kwetu," alisema, na Kiptum nyuma ya kaunta akikohoa kidogo, kwa sababu aliyelipa ni yeye.

Mwaka wa tisini na sita, wenye waya wa simu wakapandisha bei. Hilo halikuwa kosa la Kiptum. Kosa lake ni kwamba wao walipoongeza kidogo, yeye akaongeza mara mbili, na juu ya hiyo akaleta saa. Ilikuwa saa ya mezani, ile ya kuku anayedona mahindi, tik, tik, tik, kila sekunde mdomo chini. Ukianza kuongea, Kiptum anatega kengele dakika tatu. Kengele ikilia na hujalipa kuendelea, kidole chake kinashuka juu ya simu, na mazungumzo yamekufa. Nyuma yake akabandika karatasi kwa maandishi makubwa: FANYA UFUPI. ACHA SALAMU NYUMBANI.

Aron aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Darasa la nne lilimtosha kwa hiyo.

Mambo haya yangekuwa kicheko tu kama si habari ya Dorine. Dorine alikuwa kifungua mimba wake, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye akili na mdomo kama wa mama yake. Alikuwa amependana na mwalimu mwenzake, kijana wa kutoka Soin, kule chini kwenye joto. Kilichobaki ni wazee wa kijana kupanda Kimulot kwa koito, ile siku ya wazee wa pande mbili kuketi pamoja, kuongea ng'ombe na kukubaliana. Na kabla ya wazee kuja, lazima baba na baba waelewane siku.

Aron hangeweza kwenda Soin mwenyewe. Baba wa msichana akionekana huko kabla ya wageni kuja kwake, watu watasema anatembeza binti kama kuku wa soko. Barua nayo aliiona kitu baridi. Kwa hivyo walikubaliana, kupitia kwa vijana, kwamba baba ya kijana, Mzee Kimutai, atakuwa anaketi karibu na simu ya duka moja pale Soin kila Jumamosi saa nne asubuhi, na Aron atapiga.

Jumamosi ya kwanza Aron alivaa koti. Akamsalimu Kiptum, na Kiptum akaitikia huku anatega saa. Simu ikaita, sauti nzito ikapokea, na Aron akasimama wima kana kwamba Mzee Kimutai anamwona.

"Chamgei, mzee!"

"Chamgei mising!"

Basi wakaanza. Mwili, usingizi, mama watoto. Mzee Kimutai naye hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa akirudisha kila swali na kuongeza lake. Wakaingia kwa ng'ombe. Kuku wa Kiptum akadona. Wakatoka kwa ng'ombe wakaingia kwa mvua, ambayo Soin ilikuwa imekataa kabisa. Kuku akadona. Aron akafika kwa wazee. "Na mama yako, mzee? Nasikia bado yuko?"

"Mama," Mzee Kimutai akasema, na sauti yake ikashuka, "mama yangu wiki hii amekuwa..."

Kengele ikalia. Kidole kikashuka.

Aron akabaki ameshika mkono wa simu. Ilikuwa inalia tuuu, kama ng'ombe aliyesahauliwa shambani.

"Kiptum! Alikuwa ananiambia habari ya mama yake!"

"Ndugu yangu, dakika tatu ni dakika tatu."

"Nirudishie."

"Lete nyingine."

Aron akapapasa mfuko, na mfuko haukuwa na kitu, kwa sababu hakuna mtu anayebeba pesa ya kusalimu mara mbili. Akatoka dukani na koti lake, na ile njia yote ya nyumbani hakusalimu mtu. Watu walisimama wakamwangalia. Wengine walidhani amefiwa.

Jumatano Dorine akapokea barua kutoka kwa kijana wake. Akaisoma jikoni, kisha akaja nayo nje ambapo baba yake alikuwa ananoa panga.

"Baba, ulimfanyia nini Mzee Kimutai?"

"Nilimsalimu."

"Anasema ulimtupia simu usoni. Anasema, 'Nilikuwa namwambia mama yangu ameanguka na amelala siku nne, na yule mtu akakata. Labda binti yake amepata pengine.' Baba, ameandika mzee atangoja Jumamosi moja tu. Simu isipolia, anafunga hayo maneno." Dorine alikunja barua ndogo sana, mpaka haikuwezekana kukunjwa tena. "Jumamosi moja, baba."

Jerusa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Aron, si usalimu kidogo tu safari hii? Sema chamgei, sema tarehe, maliza."

Aron akaacha panga. "Mama Dorine, yule mtu anafikiri nilimkatia mama yake. Nikipiga nikasema chamgei na tarehe, nitakuwa nimemkatia mara ya pili, na safari hii bila kengele ya kusingizia."

Jerusa akarudi jikoni na mwiko wake.

Asubuhi yake Aron akaenda kwa Kiptum kwa upole. Akamweleza. Akamwomba atoe saa Jumamosi hiyo moja, kwa ajili ya mtoto wa ukoo.

"Nikitoa kwako, kesho Phelis atataka, kesho kutwa mlima wote," Kiptum akasema. "Mimi nilipe waya na salamu za watu? Na wewe, ndugu yangu, salamu zako ni refu kama barabara ya Nairobi. Punguza! Siku hizi dunia inaenda mbio."

"Iende," Aron akasema. "Nani ameishika?"

"Basi utaenda wapi? Kuna simu ingine hapa?"

Hapo Kiptum alikosea. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Aron arap Mosonik ataenda wapi akakosa jibu, hata kama jibu lenyewe halikuwa tayari. Aron akavaa kofia vizuri. "Nitahama," akasema.

Kuhama! Watu wawili waliokuwa wakinunua sukari waligeuka. Mtu anahama ukoo wake kwa sababu ya kuku wa saa?

Ukweli ni kwamba simu ingine ilikuwapo. Ilikuwa chini kwa daraja, mwendo wa nusu saa, kwa mashine ya kusaga ya Wacera, mama mjane aliyekuja Kimulot na mume wake miaka mingi nyuma, akabaki na mashine baada ya mume kufa. Watu walimwita Mama Posho. Alikuwa amengoja waya miaka saba, akapata mwezi wa tatu, na hakuna mtu aliyeitumia. Sababu mbili. Ya kwanza, simu ilikuwa ndani ya nyumba ya mashine, na injini ile ya dizeli ikinguruma husikii hata mawazo yako. Ya pili, watu wa mlimani walikuwa wa Kiptum.

Aron alimkuta Wacera ameketi kwa kiti cha mbao, nywele na nyusi nyeupe kwa unga, na hakuna foleni. Akamsalimu kamili. Wacera naye, mtu wa biashara, alijibu mwanzo kwa kifupi, halafu kwa kirefu, na walipofika kwa dada yake aliyekuwa na ugonjwa wa miguu, akainuka akamletea Aron chai.

"Sasa sema, mzee. Hukuteremka mlima kuja kuuliza miguu ya dada yangu."

"Nilikuja kuuliza hiyo pia," Aron akasema. "Lakini kuna ingine. Unauza simu namna gani?"

"Kama bei ya Kiptum. Wenye waya wameongeza, nifanye nini?"

"Una saa ya kuku?"

"Niko na saa ya mkono."

"Sawa. Sasa sikia. Wewe una mashine bila watu. Mimi nina watu bila simu. Mlima wote ule unasagia kule sokoni, mwendo wa saa nzima. Wakija kupiga simu kwako watabeba mahindi. Lakini nataka bei yangu."

Wacera akacheka. "Bei gani?"

"Salamu hazihesabiwi."

"Ngai!"

"Mtu akianza kusalimu, saa yako ilale. Akimaliza salamu atasema 'Sasa,' kwa sauti, wewe usikie. Hapo ndipo unaanza kuhesabu. Habari inalipiwa, salamu ni ya Mungu. Na mtu akiongea, unazima mashine."

"Mzee, unajua kuwasha hiyo injini ni kazi gani? Mkono wangu huu umekuwa wa mwanaume!"

"Nitakuwa nakuwashia mimi."

"Na salamu ikichukua saa nzima?"

"Nani anaweza kusalimu saa nzima?" Aron akauliza, na alikuwa na uso wa mtu asiyejijua.

Wacera akaangalia nyumba ya mashine, akaangalia mlango usio na foleni. Akapiga hesabu ya madebe kichwani, ambayo ilikuwa hesabu ya haraka kuliko ya karani yeyote wa kiwanda. Wakapeana mikono, na unga ukabaki kwa koti la Aron. Hakuupangusa. Alitaka uonekane.

Jioni hiyo, watu wakingoja lori kituoni, Aron alisimama juu ya mizani. "Watu wangu," akasema, "kuna mahali hapa Kimulot ambapo mtu anamaliza salamu zake." Akawaeleza. Mwanzo walicheka. Halafu Phelis, ambaye mume wake alikuwa Mombasa na ambaye kengele ya kuku ilikuwa imemkatiza katikati ya mtoto wa tatu, akasema, "Mimi kesho nabeba gorogoro mbili za mahindi." Na hivyo mlima ukahama.

Ijumaa mchana Aron aliteremka kuona kazi yake. Foleni ilifika mpaka kwa daraja. Alikuwa bado anahesabu vichwa kwa furaha wakati Wacera alimvuta kando kwa mkono wa unga.

"Mzee, watu wako wananiibia kwa heshima."

"Nani?"

"Wote! Sikiliza huyo."

Ndani, mashine imezimwa, Phelis alikuwa ameshika simu, uso mpole kama wa kanisani. "Na wewe mwenyewe hujambo? Na pesa ya mwezi huu haijambo? Iko njiani? Ahaa. Na ile ndama ya mama yako haijambo, ile inataka kuuzwa kwa jirani wa juu siku ya Jumanne? Na bei haijambo?" Akamaliza, akaweka simu chini taratibu. Hakuna mahali aliposema "Sasa."

Foleni yote iliangalia dari.

Aron alihisi joto likipanda chini ya kofia. Kilichomuuma hasa ni kwamba alitamani kucheka, kwa sababu hata yeye hakuwa amefikiria hiyo, na ilikuwa nzuri. Lakini alikuwa amempa mtu mkono. "Mama," akamwambia Wacera, "kesho mimi napiga. Utaona vile mtu anasema Sasa."

"Nitaona," Wacera akasema. "Na nisipoona, Jumatatu naleta kuku wangu."

Kwa hivyo Jumamosi Aron aliteremka na mizigo miwili: Dorine nyuma yake, hasemi kitu, na neno lake mwenyewe. Jerusa alikuja pia, akisema amekuja kusaga. Watu walikuwa kama thelathini, na madebe, na hakuna aliyekubali kusagiwa kwanza. Saa nne kasoro dakika moja Wacera akazima injini. Kimya kikaingia, na unga ukaanza kushuka polepole kwa hewa, juu ya kofia ya Aron.

Simu ikaita Soin. Ikapokelewa.

"Chamgei, mzee."

Hakuna jibu. Pumzi tu.

"Chamgei, Mzee Kimutai. Ni Aron wa Kimulot."

"Nakusikia." Baridi kama maji ya Mau.

Dorine aliinamisha kichwa. Jerusa akamshika mkono wake. Aron angeweza kujitetea hapo. Angeweza kumwaga habari yote ya Kiptum na kengele. Hakufanya hivyo. Alirudi pale pale alipokatwa, kama mtu anayerudi kuokota kitu alichoangusha njiani.

"Mama yako, mzee. Ulikuwa unaniambia ameanguka. Aliangukia upande gani?"

"Wa kushoto."

"Na mkono?"

"Mkono uliumia kidogo. Mfupa hapana."

"Analala?"

"Sasa analala. Juzi alikuwa hapati usingizi."

"Na chakula? Anakula nini?"

"Uji. Na mursik kidogo." Sauti ya Mzee Kimutai ilikuwa imeanza kulegea, kama kamba iliyolowa. "Anauliza kama nyinyi huko milimani mnapata mkaa mzuri wa kutia kibuyuni kwa maziwa ya mursik."

"Mwambie tunao, na Jerusa amejaza vibuyu vinne na havifunguliwi mpaka yeye aonje."

Mtu mmoja wa foleni akanong'ona, "Ng'ombe, mwenyekiti! Umesahau ng'ombe!" Aron akampungia mkono anyamaze, hakuwa amesahau. Wakaingia kwa ng'ombe. Na hapo, bila kuulizwa, Mzee Kimutai akasema:

"Ng'ombe hawajambo kabisa. Wale sita wamesimama pamoja wanauliza kama barabara ya Kimulot haina matope ile Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili."

Foleni yote ikavuta pumzi. Phelis akapiga paja lake kwa furaha: yule mzee wa Soin naye alikuwa fundi!

"Barabara haijambo," Aron akasema polepole. "Haina matope hata kidogo."

"Na wazee wenu kumi hawajambo siku hiyo?"

"Hawajambo. Wameshanyoa ndevu."

Imekwisha. Siku imepangwa, ng'ombe wametajwa, wazee wamehesabiwa, na hakuna senti hata moja iliyolipwa. Dorine aliinua uso, na uso huo ulikuwa na mwanga. Watu walianza kusogea kwa madebe yao. Wacera alikuwa ameegemea injini, mikono kifuani, anamwangalia Aron tu.

Aron akavua kofia, akaipangusa unga, akaivaa tena.

"SASA!" akasema.

Ilitoka kubwa sana. Mtu nje aliangusha debe. Huko Soin Mzee Kimutai akauliza, "Sasa nini? Kuna nini tena? Si tumemaliza?"

"Mzee, hapa nilipo salamu ni bure na habari inalipiwa. Nilimpa mama mwenye simu neno langu. Umeniambia habari kubwa ndani ya salamu, na mimi sitaki binti yangu aolewe kwa dakika ya kuiba. Kwa hivyo dakika hizi nalipa mimi." Akamgeukia Wacera. "Mama, angalia saa."

Wacera akainua mkono wake wa unga, akaangalia saa. Lakini alikuwa anatabasamu mpaka nyufa za unga zikaonekana shavuni.

Huko Soin Mzee Kimutai akacheka, kicheko cha mtu mnene, na akasema, "Basi kama unalipa, nikupe mtu wa maana. Nilimleta hapa kwa kiti awe shahidi kama utakata tena." Na simu ikapita mkono mpaka mkono, na sauti nyembamba kama uzi ikaingia.

"Nani huyo?"

"Chamgei, kogo," Aron akasema, na thelathini waliosimama na madebe walijua kwamba anasema na nyanya mwenyewe, yule wa upande wa kushoto.

Hizo ndizo dakika pekee za kulipia ambazo Aron alitumia siku hiyo, na alizitumia zote kusalimu. Nyanya alimweleza bega. Alimweleza ng'ombe aliyekuwa naye alipokuwa msichana. Alimuuliza Aron ni mtoto wa nani, na baba yake alikuwa mtoto wa nani, na alipofika kwa jina alilolijua akapiga ukelele mdogo wa furaha uliosikika mpaka kwa foleni. Walimaliza dakika saba. Aron alilipa zote saba mbele ya watu, akaweka pesa juu ya meza ya unga moja moja, taratibu, ili hata wale waliokuwa nyuma wapate nafasi ya kuona. Kisha akavua koti na kuwasha injini mwenyewe. Ilimchukua mara sita, lakini iliwaka.

Baada ya hapo watu wa mlimani walianza kusema "Sasa." Si wote, na Phelis alichukua mpaka Krismasi, lakini walisema. Wacera hakuleta kuku. Kiptum ndiye aliyetoa wake. Akashusha bei, akang'oa karatasi, akaiweka saa kwa dirisha iuzwe. Aron alipita pale kila siku, akamsalimu kamili, mpaka kwa wazee, halafu akateremka kupiga simu kwa daraja.

Jumamosi ya pili ya Desemba wazee wa Soin walifika, nao pia kumi, wamevaa makoti na wanatoa jasho la mlima. Kiptum alikuwa pale kwa sababu ukoo ni ukoo, na Aron alimpa kazi ya kupokea wageni langoni.

"Mimi?" Kiptum akauliza. "Si ulisema sijui kusalimu?"

"Sikusema hujui. Nilisema una saa. Leo huna."

Mzee Kimutai akafika mbele yake, mwenye kicheko kinene, na furushi la blanketi mabegani ambalo mama yake alikuwa amelituma kwa Jerusa. Kiptum akafungua mdomo, akakumbuka, akafunga. Halafu akanyoosha mikono miwili.

"Mzee," akasema, "kwanza weka mzigo chini."

Nyuma yake Aron aliketi kwa stuli, akapindua kofia juu ya goti, akajitayarisha kungoja. Ilikuwa ndiyo kwanza Kiptum ameingia kwa habari ya usingizi. Kulikuwa bado na watoto, ng'ombe na mvua.